Shangazi wa Wigo Usio na Miiba

Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, mtunza bustani wa shule yetu ya watoto wasioona anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Ofisini anajulikana kwa jina lake kamili, na cheo chake ni mhudumu wa mazingira daraja la kwanza. Lakini ukisimama getini ukamuulizia kwa cheo hicho, hata mlinzi atakuna kichwa. Hapa yeye ni Shangazi. Walimu wanamwita Shangazi, wanafunzi wanamwita Shangazi, na mkaguzi mmoja aliyewahi kututembelea kwa saa chache tu aliondoka akisema, "Mnisalimie Shangazi."

Mhariri wa jarida letu aliniomba ukurasa mmoja kumhusu. Nimejaribu, nimeshindwa, na namwomba radhi. Mimi ni mwalimu wa muziki hapa, lakini kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wa hapa hapa tangu darasa la kwanza. Sijawahi kumwona Shangazi kwa macho, wala bustani yake. Vyote viwili nimevijua kwa mikono, na nadhani hakuna anayevijua vizuri zaidi.

Wengi wenu hamjui kwamba Shangazi hakuajiriwa kutunza bustani. Aliajiriwa kuwa dobi. Alikuwa msichana aliyeolewa karibuni, akipewa marundo ya sare na mashuka kila asubuhi, na huko kwenye beseni ndiko kazi yake halisi ilikoanzia. Kwenye mikono ya mashati alikuwa anakuta madoa madogo ya damu. Mwanzoni alidhani watoto wanatokwa damu puani na kujifutia mikononi. Anasugua, yanatoka; wiki inayofuata yamerudi pale pale, karibu na kifundo cha mkono.

Akamuuliza matroni. Matroni akamjibu kwa uchovu wa mtu aliyezoea, "Ni ile michongoma njiani. Watoto wanapapasa ili wajue wanakokwenda. Tufanyeje? Ndiyo njia yao."

Eneo hili zamani lilikuwa la maghala, na michongoma ilipandwa kuzuia wezi. Maghala yalipogeuzwa mabweni na madarasa, hakuna aliyeifikiria miiba. Ilipanga mstari kutoka mabwenini hadi madarasani, kutoka madarasani hadi bwaloni, na mtoto asiyeona, kabla hajapewa fimbo, anatembea kwa kugusa kilicho pembeni yake. Watoto walijifunza kugusa kidogo kidogo, kama anayepima joto la pasi.

Shangazi akaenda kwa mkuu wa shule wa wakati huo, mtu mnene, mwenye sauti ya taratibu na kichwa kisicho na unywele hata mmoja. Akamwomba wigo ule ung'olewe.

"Michongoma inazuia wezi," mkuu akasema.

"Mwalimu, mwizi akija anakuja mara moja. Hawa wanapita pale kila siku. Sasa huu wigo tumempandia nani?"

Mkuu mwenyewe alitusimulia mazungumzo hayo miaka mingi baadaye, alipokuwa anastaafu yeye. Alisema alimjibu, "Jaribu kipande kimoja, pale karibu na chumba cha kufulia. Kikifa, tunabaki na miiba yetu."

Kikafa. Shangazi alikuwa mwangalifu wa maji kupita kiasi, akaona si vyema kumwaga yale ya kusuuzia nguo, akayatumia kumwagilia miche yake. Sabuni na magadi vikafanya kazi yao. Majani yakawa ya manjano, yakanyauka kuanzia pembeni, na mstari mzima ukakauka. Hakungoja kuitwa. Alikwenda mwenyewe ofisini akasema, "Kimekufa, mwalimu, na nimekiua mimi. Ni sabuni. Naomba kipande kingine." Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Alisema hajawahi kuona mtu analeta taarifa ya msiba na posa kwa wakati mmoja.

Kichaka alichokichagua alikiona kwa dada yake, kimepangwa kuelekea mlangoni. Majani yake ni madogo, mazito, yanayoteleza, ya kijani mwaka mzima. Kinachanua maua madogo meupe yanayonukia kiasi cha kumgeuza mtu njiani, kisha kinazaa vitunda vyekundu vya ukubwa wa harage. Ukilisaga jani lake kati ya vidole, utapata harufu inayokaribia ya mlimau, kwani ni wa ukoo mmoja. Wauza miche wana jina lao la kukiita, na vitabuni kina jina refu zaidi. Wanafunzi walikigusa, wakakiita mlaini, na hilo ndilo jina lililokaa.

Niliwahi kumuuliza kwa nini hakupanda kitu kinachokua haraka zaidi. Alinijibu huku makasi yakiendelea kulia, "Kuna miti inapukutisha majani yote kiangazi. Kwa mwenye macho hayo ni mandhari tu. Kwa mtoto anayepapasa, ni sawa na mtu kaja usiku kahamisha ukuta." Alitaka kitu ambacho mkono ukikigusa leo, ukikigusa tena baada ya miezi sita, utakuta ni kile kile.

Mbegu za mlaini hazipendi kuwekwa. Ukizikausha ukasubiri msimu, zinalala usingizi wa moja kwa moja. Kwa hiyo vitunda vilipoiva, Shangazi alitukusanya kwenye baraza ya chumba cha kufulia, tukazunguka beseni, tukafundishwa kuminya nyama ya tunda mpaka mbegu ibaki safi, isiyonata. "Msile," alikuwa akituonya. "Hizo si zenu, ni za wigo." Kisha tulizipanda siku ile ile, kwenye mchanga uliochanganywa na mboji iliyochekechwa, chini ya kivuli cha magunia. Vidole vyetu vilijua kina cha kupandia: mbegu ifunikwe kama unavyomfunika mtoto shuka jepesi, si blanketi.

Kazi ya kuondoa michongoma ilichukua miaka, na hapo ndipo nilipokuja kuelewa akili ya mama huyu. Hakung'oa miiba yote kwa mpigo. Alipanda mlaini upande wa ndani, akaacha miiba upande wa nje, na hakugusa kipande chochote cha michongoma mpaka mlaini ulio mbele yake ufike kimo cha mkono wa mtoto wa darasa la kwanza. Hakuna siku tuliyoamka tukakosa kitu cha kushika. Miiba ilituaga kidogo kidogo, hata sikumbuki mara ya mwisho iliponichoma. Katikati ya kazi hiyo mkuu alimtoa rasmi kwenye beseni akamkabidhi bustani, na dobi mpya akapewa mashati yasiyo na madoa.

Sasa nisimulie habari ya mvua, maana naijua kwa undani. Nilikuwa na miaka minane. Kengele ya chakula ilikuwa imelia, na mvua ikaanza ghafla. Kwa mtu asiyeona, mvua kubwa juu ya mabati inafuta kila kitu. Husikii vyombo vya jikoni, husikii wenzako, husikii hata hatua zako. Uwanja mzima unakuwa kelele moja. Nikashika wigo nikaufuata. Nikaufuata tena. Wigo ulikuwa laini, sawasawa, umekatwa vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho, nami nikapita bwalo bila kujua, nikateremka mpaka chini kabisa kwenye pampu ya maji.

Tulikuwa tumefundishwa kwamba ukipotea, piga kelele. Mimi nilichagua kuimba. Niliimba kwa nguvu zangu zote, nimelowa, nimeshikilia tawi. Shangazi akaja na gunia kichwani.

"Wewe, na hii bendi yako mnapiga harusi ya nani huku?"

"Sijui bwalo liko wapi."

Akanishika mkono tukapanda. Njiani akauliza, kama anayejisemea mwenyewe, "Kwa hiyo wigo haukukwambia kitu?"

Nikamjibu kwa ukweli wa mtoto mwenye njaa, "Wigo unasema neno moja tu, Shangazi. Linajirudia."

Alicheka, lakini baada ya siku chache alianza kukata kwa namna mpya. Mbele ya bwalo aliacha kichaka kimoja kizidi wenzake kwa urefu, akakizungusha makasi kila wiki mpaka kikawa tufe kamili. Madarasani alikata ngazi tatu zinazopanda. Kwenye bweni la wavulana akaacha nundu mbili. Kwenye bweni la wasichana akachimba bonde laini juu ya wigo, na zahanati akaipa mnara mwembamba uliosimama peke yake. Hakutangaza. Alituacha tuvigundue wenyewe, na kwa juma zima hapakuwa na habari nyingine shuleni.

Majina tuliyatoa sisi. Nundu mbili zikawa Ngamia. Mnara wa zahanati ukawa Sindano. Bonde la wasichana likaitwa Mto, kwa kuwa lilikuwa kama mto wa kulalia uliobonyezwa na kichwa, na mzazi mmoja mgeni alishtuka sana aliposikia kwamba binti yake anapita Mtoni kila jioni. Lile tufe la bwaloni tukaliita Kipara. Mkuu wa shule alipopata habari, tulijiandaa kwa adhabu. Akaenda mwenyewe, akaweka mkono mmoja juu ya tufe na mwingine juu ya kichwa chake, kisha akatoa hukumu: "Changu kina nafuu. Hakihitaji makasi."

Wanaopenda bustani wataniuliza siri ya mlaini kubaki na umbo kwa miaka yote hiyo. Alinifundisha mimi na yeyote aliyekuwa na subira. Kata mara kwa mara, kidogo kidogo. Ukisubiri urefuke sana utakata mpaka kwenye vijiti. Acha sehemu ya chini iwe pana kuliko ya juu ili mwanga ufike kote, la sivyo wigo unakuwa na nywele kichwani na miguu mitupu. Usikate jua la mchana likiwa kali, majani yaliyokatwa yanaungua pembeni na kukwaruza vidole. Maji upe asubuhi, kwenye shina, na udongo wake uufunike kwa majani makavu. Na kwa kuwa makasi hayo yalikuwa yanaondoa maua pamoja na majani, aliacha kichaka kimoja nyuma ya chumba cha muziki bila kukigusa, kichanue kitakavyo. Kipindi cha maua nafundisha madirisha yakiwa wazi, na hata kwaya inaimba vizuri zaidi. Au labda ni mimi ninayesikiliza vizuri zaidi.

Makasi yenyewe yalikuwa yakinolewa na mume wake, ambaye ni fundi baiskeli. Kila Jumapili jioni aliyageuzageuza kwenye jiwe lake la kunolea, akayapaka grisi, akayafunga kwenye kitambaa. Mzee huyu anapenda kulalamika kwamba ameoa mtu hatari: nywele zake zikizidi kidogo tu, anasema, mkewe anaanza kumtazama kwa jicho la kikazi.

Kisha ukaja mwaka wa vumbi. Nilikuwa darasa la sita. Barabara mpya ilikuwa inajengwa nje ya uzio, mvua zikagoma, na vumbi likatua juu ya kila jani. Tuliigundua hatari kabla haijaitwa jina. Wigo ulianza kunata. Ukiushika, vidole vinabaki na utando kama wa sukari, na siku zilizofuata utando huo ukageuka masizi meusi yaliyochafua sare zetu. Sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka kwenye mashina kama wenye zamu. Chini ya majani walikuwa wamejibandika wadudu wadogo wenye magamba, wamekaa kimya, wananyonya.

Kamati ya shule ikakutana. Mjumbe mmoja akapendekeza dawa kali ya kupulizia. Mwingine akasema wigo wote ung'olewe, zijengwe reli za chuma, mambo yaishe. Shangazi aliitwa ajieleze, na matroni aliyekuwepo alitusimulia alichosema.

"Chupa ya dawa hiyo ina picha ya fuvu. Watoto wetu hawaioni hiyo picha. Na mikono yao ikitoka kwenye wigo inaingia bwaloni." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, "Reli ni sawa, kama wigo utanishinda. Nipeni muhula mmoja. Ukinishinda nitaung'oa mwenyewe."

Hapo ndipo shule nzima ilipogeuka kuwa wafanyakazi wake. Kila jioni tulitoka na vitambaa na ndoo za maji yenye sabuni kiasi kidogo sana, ambayo tuliisuuza mara moja kwa maji safi, kwani somo la kwanza hakulisahau. Tulifuta jani moja moja, juu na chini. Na ikaonekana kwamba kazi hii ilitufaa, kwa sababu vile vidudu vilikuwa vinukta vigumu, na vinukta ndivyo tunavyosoma maisha yetu yote.

"Shangazi, hapa kuna nukta!" mmoja angeita.

"Zimeandikwa nini?"

"Zimeandikwa: tumeshiba!"

Lakini kufuta peke yake hakukutosha. Matawi ya ndani yalikuwa yamejaa. Shangazi akaamua kukata wigo wote mpaka magotini, apate kuyafikia mashina, ayasugue, aondoe njia za sisimizi, kisha angoje machipukizi. Ilimaanisha kuikata Ngazi, Ngamia, Mto, Sindano na Kipara, vyote. Nilikuwa jirani yake alipoanza. Kwa kawaida alikuwa anavuma wimbo puani akikata; siku hiyo tulisikia makasi tu.

Ili tusipotee, aliomba kamba zote za kuanikia nguo akazifunga kwenye nguzo, kimo cha mkono, akatia mafundo kila penye kona: fundo moja la bwalo, mawili ya madarasa, na kadhalika. Tuliishi kwa kamba hizo muhula mzima. Kila asubuhi alipita akikwaruza gome kwa ukucha kutafuta ukijani chini yake. Machipukizi yakaanza kujitokeza kwenye Ngazi, yakafuata kwa Ngamia, hatimaye kila mahali, mekundumekundu na mororo kama masikio ya mtoto mchanga, walivyotuelezea wenye macho.

Isipokuwa Kipara. Alikwaruza chini, akakwaruza juu, akakuta kahawia mpaka ndani. Mpishi mkuu alitueleza kwamba alimkuta ameketi chini kando ya kisiki kile, makasi mapajani, kama mtu aliyefiwa. "Nikarudi jikoni," mpishi alisema. "Nikampelekea kikombe cha chai, nikakaa naye."

Kesho yake mpishi alifanya jambo jingine. Alichukua sufuria kubwa kuukuu iliyotoboka, akaifunika juu ya nguzo pale pale mbele ya bwalo. Ikawa Kipara wa muda. Ilikuwa lazima kila mwanafunzi aipige kofi akiingia kula, na kwa miaka kadhaa, wakati mche mpya ukikua polepole pembeni yake, milo yetu ilifunguliwa kwa kelele zisizoelezeka. Reli za chuma hazikujengwa. Mjumbe aliyezipendekeza alikuja kuusalimia wigo mwenyewe, akaondoka na miche miwili ya kupanda kwake.

Ningeweza kuishia hapo na ingetosha. Lakini kitu ninachomshukuru zaidi kilitokea baadaye, nilipokuwa nimesharudi hapa kufundisha.

Tuliletewa mwalimu kijana wa mwendo na fimbo, wa kufundisha asiyeona kutembea peke yake, mwenye bidii na asiyezunguka maneno. Alizungushwa shuleni, akaonyeshwa Ngazi na Ngamia na Kipara mpya aliyekwisha kukomaa, akasifu ukataji. Kisha kwenye kikao cha wafanyakazi akasema, bila ubaya wowote, "Kazi ni nzuri sana. Tatizo langu ni moja. Huko nje hakuna Kipara."

Kwa siku kadhaa Shangazi alikata wigo bila kuvuma wimbo. Baadaye akaja chumba cha muziki, akavuta kiti akakaa karibu na kinanda.

"Wewe ulikulia kwenye wigo wangu," akasema. "Niambie ukweli, mwanangu. Ulipotoka hapa kwenda chuo, ilikuwaje?"

Ningeweza kumpamba. Lakini aliniuliza kama mtu anayeuliza kuhusu ugonjwa wa mtoto wake, na mtu kama huyo humdanganyi. "Wiki ya kwanza sikutoka chumbani, Shangazi, isipokuwa kwa kushikwa mkono. Nilisimama kwenye korido nikipapasa ukuta, nikisubiri uniambie kitu. Ulikuwa kimya."

Alinishika bega, akasimama, akatoka. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa fimbo. "Nifunge macho," akamwambia. "Nipe fimbo. Nitoe nje ya geti."

Mwalimu alimtoa. Walikwenda mpaka kwenye maduka ya barabarani na kurudi, yeye kitambaa machoni, mwalimu hatua chache nyuma bila kumgusa. Mlinzi anasema alirudi amelowa jasho, kanga imepinda. Akafungua kitambaa, akanywa maji, akasema, "Nimeogopa kuliko siku niliyojifungua. Na mimi nilijua kwamba nikitaka ninafungua macho." Kisha akamgeukia mwalimu: "Niambie alama zikome kuanzia darasa la ngapi."

Asubuhi iliyofuata, kwenye njia za kuanzia darasa la sita kwenda juu, alikata wigo wote bapa. Ngazi za wakubwa, nundu, na alama zote ndogo alizokuwa ameziongeza kwa miaka, alizisawazisha kwa mkono wake, moja baada ya nyingine, huku mwalimu wa fimbo akikusanya matawi nyuma yake na toroli. Watoto wadogo aliwaachia alama zao. Wakubwa aliwaachia kitu laini cha kugusa, basi.

Wakubwa walikasirika. Msichana mmoja mrefu wa darasa la saba alimfuata akamwambia mbele za watu, "Umetunyang'anya, Shangazi."

"Nimejipunguza mimi," Shangazi akamjibu. "Mkitoka hapa sitatoka nanyi. Bora mnichoke nikiwa karibu."

Msichana huyo leo anapokea simu katika hospitali kubwa na anapanda mabasi mawili kila asubuhi peke yake. Wiki iliyopita alituma salamu za sauti kwa ajili ya sherehe hii. Tutazisikia Ijumaa, nawaonya mapema mje na leso. Naye mwalimu wa fimbo na Shangazi wamekuwa kama pete na kidole. Somo la kwanza la mwalimu huyo kwa kila mtoto linaanzia kwa Kipara, na la mwisho linamalizikia kwenye yale maduka ya barabarani, na mara zote mbili Shangazi alikuwepo kutazama.

Anayempokea ni mama mchangamfu aliyekuwa akitunza maua hotelini. Amekwisha kupitishwa njia zote za shule macho yakiwa yamefungwa, zaidi ya mara moja, kabla hajaruhusiwa kugusa makasi. Ametuambia kwamba usaili wa hotelini ulikuwa mwepesi zaidi. Shangazi amekwisha kuandaa kitalu kilichojaa miche ya darasa la kwanza lijalo, na ameacha maagizo kwa kila mtu, likiwemo langu: kile kichaka cha nyuma ya chumba cha muziki kisiguswe, hata wakija wageni wakubwa.

Jumatatu hii, baada ya mkusanyiko wa asubuhi, wanafunzi waliomba kumuaga kwa namna yao. Aliketi kwenye benchi mbele ya ofisi, nao wakapanga foleni kumpa mkono. Wengine walisema asante, wavulana wakubwa wakakohoa kohoa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya benchi. Mwishoni akafika mtoto wa darasa la kwanza, mdogo kuliko wote, aliyeingia shuleni mwezi wa kwanza. Hakupeana mkono tu, aliushika kwa mikono yake miwili akaupitia wote, kiganja, vidole, pale penye sugu.

"Shangazi," akauliza, "mbona mikono yako mikavu hivi?"

"Imechoka kidogo, mwanangu," Shangazi akamwambia. "Naipeleka nyumbani ikapumzike."

Kaipumzishe, Shangazi. Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, wazazi, na sisi sote tuliokua tukiushika wigo wako, ahsante. Fundi baiskeli naye arudishiwe Jumapili zake zote. Uamke utakapo, ukae kivulini bila kutazama saa, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi, laini, na zenye harufu nzuri.